Theluthi ya Nesi Sabra

Nesi Sabra Mtulia hakuogopa nyoka, hakuogopa mamba, wala hakuogopa damu. Aliogopa viatu.

Pale Salale watu huvaa ndala au hutembea peku, maana mwenye akili zake hashuki kwenye boti akakanyaga tope la mikoko na kiatu cha kamba. Ukimwona mwenye viatu, ujue katoka mjini, na ujue katumwa. Kwa hiyo kila maji yalipojaa, boti za kutoka Nyamisati zikaweza kuingia kijitoni, Sabra alisimama kwenye dirisha la zahanati akawatazama miguu wote wanaoshuka. Ndala, ndala, peku, ndala. Hapo ndipo alipopumua na kurudi kwa mgonjwa aliyemwacha na kipimajoto kwapani.

Maji yakipwa, alikuwa mtu mwingine kabisa. Kijito kinabaki tope tupu, hakuna boti inayoingia kwa saa tano au sita, basi Sabra huyo anacheka, anawatania wajawazito, anawauliza kama baba watoto kashanunua hata ndoo. Maji yakianza kurudi, mzaha unamwishia mdomoni. Watu wa Salale hawana dogo, wakaliona hilo mapema, na wakakubaliana kwamba nesi wao ana shetani wa majini. Shetani hakuwa naye. Alikuwa na deni.

Na deni lenyewe lilianza kwa jambo ambalo hata hasira huwezi kulikasirikia. Mvua za masika ziliezua nyumba ya mama yake kule Nyamwage, bibi wa watu akawa analala jikoni na mbuzi. Mabati, mbao, misumari na fundi: laki sita. Benki wangempa, mtumishi wa serikali huyo, lakini benki wana fomu, wana wadhamini, wana "njoo Jumatatu". Bi Zawadi wa Kibiti alimpa kwa dakika kumi. Bi Zawadi alikuwa na duka la vitenge karibu na stendi, na nyuma ya vitenge chumba chenye meza moja na feni. Hakutaka mdhamini. Alitaka kadi ya benki, namba ya siri, na sahihi chini ya karatasi.

Karatasi yenyewe ilikuwa tupu, haina hata herufi moja. Huyu ni mwanamke ambaye hatoi kidonge bila kusoma tarehe ya kuharibika kwake, maandishi madogo yanayohitaji kufinya macho, na hapo akaweka sahihi kwenye weupe mtupu kisha akasema ahsante.

"Nitaijaza mwenyewe baadaye, mdogo wangu, kawaida tu," Bi Zawadi alimwambia. "Na hii ni siri yangu na yako. Sitaki kukuaibisha mbele ya watu."

Sabra alimwona mwema.

Tangu siku hiyo mshahara ukawa unamfikia kwa masikio. Mwisho wa mwezi simu inalia mara moja: mshahara umeingia. Kabla hajaiweka chini inalia mara ya pili: fedha zimetolewa, ATM ya Kibiti. Mwezi wa kwanza alibakiziwa laki moja na nusu. Mwezi wa nne, elfu hamsini. Riba inazaa, aliambiwa, na faini ya kuchelewa nayo inazaa, ingawa mtu hawezi kujua anachelewaje ikiwa kadi iko kwa mdai mwenyewe. Mwezi wa nane alibakiziwa elfu kumi na mbili. Siku hiyo alikaa chini ya mti wa mkungu nyuma ya zahanati, akapiga simu.

"Bi Zawadi, shikamoo. Nitakula nini mimi?"

"Marahaba. Utakula ulichopanda," alisema Bi Zawadi, na sauti haikuwa tena ile ya vitengeni. "Unadaiwa milioni moja na laki nane. Sasa nisikilize. Karatasi yako ninayo, sahihi yako ninayo. Namtuma mtu huko na samansi. Mahakama itaukamata mshahara wote, mpaka unastaafu. Na ukithubutu kuifunga hiyo kadi, huo ni wizi, nakuweka ndani. Halafu nione kama hiyo halmashauri itakuacha na gauni jeupe."

Hapo ndipo hofu ya viatu ilipoanza. Hofu ni mbaya, na hofu ya mtu msomi ni mbaya zaidi, kwa sababu inajua kupanga mambo. Sabra alianza kuandika saa za maji kujaa kwenye ukuta wa stoo, kwa penseli, karibu na orodha ya chanjo. Aliwapanga wagonjwa kwa maji: kliniki ya wajawazito maji yakiwa yamepwa, wengine watangoja. Alichagua njia ya kupita nyuma ya choo mpaka kwenye mikoko, akaona mahali penye mzizi mpana wa kukalia. Akawa halali vizuri mwezi mchanga na mwezi mpevu, maana hapo ni bamvua, maji yanajaa sana, na hata boti kubwa huingia. Alipungua mpaka gauni likamning'inia. Kwa mtu yeyote hakusema. Aseme nini? Kwamba nesi wa serikali kaitoa kadi yake kama anayetoa kiberiti?

Basi siku moja ya Jumanne, maji yamejaa mpaka yanagusa ngazi, ikaingia boti ya Saidy. Ndala, peku, ndala, halafu viatu. Vyeusi, vya kamba, vimepigwa rangi. Mwenye viatu alikuwa mwanamume mrefu na mkoba wa ngozi, na alimwuliza Saidy kitu, na Saidy akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye zahanati.

Sabra hakufikiri. Kwenye benchi alikuwepo Hafsa, mke wa mlinzi wa mashine ya mpunga, na mtoto anayechemka homa mapajani. Sabra alimwambia, "Nakuja sasa hivi," akapita mlango wa nyuma, akapita nyuma ya choo, akazama kwenye mikoko. Maji na tope vilimfika magotini. Alikaa kwenye mzizi wake, kaa wekundu wakipanda mizizi pembeni yake, akasikiliza. Alisikia jina lake likiitwa zahanati, sauti ya mtu asiye na haraka. "Sabra Mtulia! Yupo Sabra Mtulia?" Akajiziba mdomo kwa kiganja.

Mahali fulani kwenye mikoko hiyo hiyo, si mbali, kitu kilikohoa. Alijiambia ni tumbili. Tumbili hukohoa, akajiambia, na hakutaka kugeuka kutazama.

Alitoka pale baada ya saa mbili, mashine ya boti iliposikika ikiondoka. Hafsa alikuwa bado kwenye benchi. Mtoto alikuwa amelegea, macho nusu, na Sabra alimchoma sindano mikono ikiwa bado na tope mpaka kwenye viwiko, akioga jasho, akimwomba Mungu asimlipize kwa huyu. Mtoto alipona. Lakini Sabra hakulisahau lile jicho la Hafsa, ambalo halikugomba wala halikuuliza.

"Yule mgeni alitaka nini?" aliuliza alipoweza kuuliza.

"Sijui, nesi. Alikuwa na makaratasi mengi. Jina lako limo. Alikuita mara tatu, akaandika, akasema ukirudi ufike ofisini Kibiti upesi."

Makaratasi mengi, na jina lake limo. Sabra aliona hapana haja ya kuuliza zaidi. Hakwenda Kibiti. Angekwenda kujipeleka mwenyewe mdomoni mwa mamba?

Mwisho wa mwezi simu haikulia. Haikulia mara moja wala mara mbili. Siku ya pili yake ikalia, na alikuwa Bi Zawadi, anapiga kelele mpaka simu inakwaruza. "Umeuficha wapi mshahara? Nimesimama kwenye mashine tangu asubuhi, hakuna kitu! Umenifanyia nini, wewe mtoto?"

Sabra hakuwa amefanya kitu. Alikaa kwenye kitanda cha wagonjwa na simu mapajani. Kumbe kweli, aliwaza, mahakama imeukamata wote, hata mdai mwenyewe hajaambiwa. Usiku na mchana ule hakula. Mama yake Nyamwage alikuwa akisubiri pesa ya dawa ya presha, na duka la pale Salale lilikuwa limeshamwandikia unga na sukari mpaka mwenye duka akaanza kumsalimia kwa kifupi. Siku ya tatu alipanda boti ya Saidy kwa mkopo, akafika Nyamisati, akapanda bodaboda, akafika Kibiti na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amefunga nguo mbili kwenye kanga. Alidhani atalala mahabusu.

Ofisini alikoelekezwa, mwenye viatu alikuwa amekaa nyuma ya meza. Viatu vyenyewe alikuwa amevivua, viko chini ya meza kando kando, na miguu yake imo kwenye ndala za bluu. Juu ya mlango paliandikwa Afisa Utumishi. Jina lake Abdulrazaq.

"Wewe ndiye Sabra Mtulia?" alisema. "Alhamdulillahi, kumbe upo hai. Nimekwenda mpaka Salale kwenye uhakiki wa watumishi, nimekuita mara tatu kama mwadhini. Hayupo kituoni, na hakuna aliyejua alipo. Nikasubiri wiki mbili uje. Dada, mimi ningefanyaje? Nimesimamisha mshahara. Karatasi inasema asiyeonekana kituoni ni mtumishi hewa."

Sabra alimtazama. Huyu hakuwa mtu wa mahakama. Hakuwa mtu wa Bi Zawadi. Alikuwa amemkimbia mtu aliyekuja kuandika kwamba yeye yupo.

Kisha maneno yalikuja yote kwa pamoja, na machozi nayo, na Bwana Abdulrazaq akanyanyuka akafunga mlango. Alisikiliza habari ya mabati, ya kadi, ya karatasi tupu, ya simu mbili za mwisho wa mwezi, ya mzizi wa mkoko. Mara mbili alitaka kusema kitu akajizuia. Sabra alipomaliza, aliuliza swali moja.

"Mwezi ulioumia zaidi, ulibakiwa na shilingi ngapi?"

"Elfu kumi na mbili."

Akasonya. Alikuwa mtu mpole, lakini hapo alikasirika, na kwa muda Sabra alidhani anamkasirikia yeye.

"Nisikilize vizuri, maana haya ndiyo niliyokuja kuwaambia watumishi wa Salale, wewe ukakimbia. Mtumishi hata adaiwe vipi, hata adaiwe na benki yenyewe, makato yote yakishapita lazima abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Theluthi. Mimi mwenyewe hapa, akija mtu na fomu ya kukukata zaidi ya hapo, siisaini. Mahakama nayo ina sehemu isiyoigusa, kwa sababu sheria inajua mdaiwa naye anakula. Huyo mama amekukata kuliko hakimu yeyote angethubutu. Na kadi ya mtu haishikwi rehani, wala kuifunga kadi yako mwenyewe si wizi."

"Lakini nimeweka sahihi."

"Kwenye karatasi tupu. Mwache aende nayo mahakamani, akaeleze ilikuwa na maneno gani ulipoisaini. Aeleze na namna alivyokuwa akizitoa hizo pesa. Deni la haki utalilipa, Sabra, sisemi usilipe. Utalilipa ukiwa umekula."

Alimwandikia barua ya benki na fomu ya kurudishiwa mshahara. Benki ilikuwa hatua mia moja kutoka stendi, yaani hatua chache kutoka kwa Bi Zawadi, na Sabra alizipita hizo hatua na kanga imefunika mpaka pua. Kujaza fomu ya kufunga kadi ya zamani kulichukua robo saa. Miezi minane ya kunyang'anywa mshahara, na dawa yake ilikuwa robo saa na kalamu ya kuazima. Alipotoka nje alipaswa kufurahi. Badala yake aliingia nyuma ya kibanda cha chipsi akatapika, kwa sababu alijua sasa Bi Zawadi hatamtuma mtu. Atakuja mwenyewe.

Alikuja mwezi uliofuata, siku mbili baada ya mshahara kurudi. Saa tatu asubuhi, maji yamejaa. Sabra alikuwa dirishani. Ndala, peku, halafu viatu vyekundu vya visigino, vimebebwa mkononi, na mwenyewe Bi Zawadi kapandisha baibui mpaka kwenye mashavu ya miguu, anamtukana Saidy kwa tope.

Miguu ya Sabra ilishageuka kuelekea mlango wa nyuma. Tusimsifie kwa ushujaa ambao hakuwa nao. Kilichomzuia ni benchi: kulikuwa na wanawake watatu na watoto wao, na mmoja wao alikuwa Hafsa. Alishika fremu ya mlango wa mbele akabaki pale.

"Shikamoo, Bi Zawadi."

"Shikamoo yako weka. Nipe kadi mpya." Alitoa karatasi kwenye mkoba. Sasa ilikuwa imejaa maandishi, milioni mbili na laki moja, na chini kabisa sahihi ya Sabra, peke yake, yenye wino tofauti. "Kadi, au leo naondoka na wewe."

"Kadi sitoi." Sauti ilimtoka nyembamba, akameza mate, akarudia. "Ulinipa laki sita. Umeshatoa zaidi ya milioni mbili na nusu, benki wamenichapia kila siku na kila saa uliyosimama kwenye mashine. Ukiona bado unanidai, nenda mahakamani. Hata huko, theluthi yangu haiguswi."

Bi Zawadi alicheka, kisha akagomba, kisha akahesabu kwa vidole, kisha akarudi kwenye kutukana, na hakumwacha hata mama wa Sabra na mabati yake. Alitukana kwa muda mrefu. Mtu wa mjini hajui kutazama maji. Saidy alipiga ukelele kutoka kijitoni mara ya kwanza, akapiga mara ya pili, na Bi Zawadi akamjibu kwa mkono kwamba asubiri. Alipogeuka mwishowe ili aondoke kwa hasira, boti ilikuwa imelala ubavu kwenye tope, na Saidy ameketi juu yake anavuta sigara.

"Mpaka saa kumi na moja, mama," alisema Saidy.

Basi Bi Zawadi alikaa kwenye benchi la zahanati saa sita nzima, mkoba kaupakata kwa mikono miwili. Salale nzima ilipita kumwangalia. Hakuna aliyemwambia neno baya. Walimsalimu tu, wakasimama kidogo, wakaenda. Kwa kila aliyesimama, alijivuta nyuma kidogo kwenye ukuta. Sabra aliendelea na kazi, na kila alipompita aliona jambo ambalo hakulitegemea: mwanamke yule alikuwa akitetemeka.

Adhuhuri alimpelekea wali na kamba, kwa sababu mgeni ni mgeni, na mama yake Nyamwage angesikia.

Bi Zawadi aliitazama sahani. "Umetia nini?" alinong'ona.

Sabra aliijua sauti hiyo. Ilikuwa ni yake mwenyewe, ile ya chini ya mkungu. Alichuchumaa, akatwaa tonge, akala mbele yake, akatwaa la pili. Ndipo Bi Zawadi akanawa.

Maji yaliporudi, Bi Zawadi alisimama bila kuaga. Kisha akafungua mkoba, akatoa kadi za benki zilizofungwa kwa mpira, nene kama msahafu mdogo, akaanza kuzipekua. Alichomoa ya Sabra akaitupa kwenye benchi. "Haina kazi tena," alisema. "Lakini mahakamani tutaonana."

"Tutaonana," alisema Sabra, na hofu ikampita tena toka utosini mpaka nyayoni. Lakini alikuwa ameshaliona jina kwenye kadi ya juu ya lile fungu, na hilo ndilo lililomfanya abaki amesimama pale baada ya boti kuondoka. Nasibu. Mwalimu Nasibu wa darasa la nne, ambaye suruali zake daima zina tope magotini, na anayesema anakwenda kukagua shamba la mpunga ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Alizunguka nyuma ya choo. Maji yalikuwa yanapanda kwenye mizizi, na kutoka ndani ya mikoko alisikia kikohozi, kile kile.

"Mwalimu," aliita. "Ameshaondoka. Toka."

Majani yalitikisika. Kisha Mwalimu Nasibu akatoka, maji kiunoni, viatu vyake vya kazini amevishikilia juu kichwani, uso umejaa vipele vya mbu, mtu mzima na mvi zake. Hakuweza kumtazama.

Sabra alimpa mkono kumvuta, akamkalisha kwenye ngazi, akaleta maji safi na taulo la zahanati, akainama akaanza kumwosha tope miguuni kama anavyomwosha mgonjwa yeyote.

"Mimi mzizi wangu ni ule wa kushoto," alimwambia. "Mwalimu, kwenye mshahara wako kuna theluthi hawaruhusiwi kuigusa. Kaa hapa nikwambie."